Kamba Ndefu, Paa Fupi

Pita leo kwenye saiti yoyote kubwa ya Dar es Salaam au Nairobi, utaona mafundi walio juu wamevaa mikanda ya usalama. Ni hatua njema. Lakini mkanda unaouona ukiwa barabarani haukuelezi mambo matatu yatakayoamua kama fundi yule atarudi kwake jioni: kamba yake imefungwa kwenye nini, ina urefu gani, na chini ya miguu yake kuna mita ngapi kabla ya ardhi. Mwenye mradi huuona mkanda akaridhika. Mkaguzi mvivu huuona akatia tiki. Fundi mwenyewe huuona kifuani pake akajipa moyo wa kusogelea ukingo kuliko ambavyo angeusogelea bila kuuvaa.

Hoja yangu ni moja. Kwenye sehemu kubwa ya mapaa yetu, yaani nyumba za kawaida za chini na za ghorofa moja, mkanda hutumika kwa lengo lisilowezekana. Tunautegemea umdake mtu aliyekwisha kuanguka, ilhali kimo cha nyumba hakitoi nafasi ya kumdaka. Kazi ambayo mkanda unaweza kuifanya vizuri kwenye mapaa hayo ni kumzuia mtu asiufikie ukingo kabisa. Anayeelewa tofauti hiyo atanunua kamba nyingine, ataifunga pengine na ataipanga kazi yake kwa namna nyingine.

Hesabu ya mita sita

Mkanda wa mwili mzima una pete ya chuma mgongoni, katikati ya mabega. Kwenye pete hiyo huunganishwa kamba, ambayo wengi huiita lanyadi, kwa kawaida yenye urefu wa mita 2 pamoja na kifyonza mshtuko. Kifyonza mshtuko ni kifuko chenye utepe uliokunjwa na kushonwa. Mtu akianguka, mishono hiyo huachia mmoja baada ya mwingine, na utepe hurefuka huku ukimpunguzia kasi.

Chukua fundi aliyefunga kamba hiyo ukingoni mwa paa, usawa wa miguu yake. Pete ya mgongoni iko kama mita 1.5 juu ya nyayo. Akianguka, kamba haitanyooka mpaka pete ishuke mita 2 chini ya mahali ilipofungwa, na wakati huo nyayo zake zitakuwa mita 3.5 chini ya ukingo. Sasa pima nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa: ukingo wa paa uko mita 3 hivi kutoka ardhini. Fundi wetu atakuwa amekwisha kugonga ardhi huku kamba ikiwa bado imelegea.

Na kamba kunyooka si mwisho wa safari. Kiwango cha Ulaya cha vifyonza mshtuko, EN 355, kinaruhusu kifaa hicho kurefuka hadi mita 1.75 katika majaribio. Jumlisha kamba mita 2, kifyonza mshtuko mita 1.75, mwili kutoka petini hadi kwenye nyayo mita 1.5, na mita 1 ya akiba. Unapata mita 6.25 za hewa tupu kutoka mahali kamba ilipofungwa. Nyumba ya ghorofa moja haifiki hapo, au hufika kwa shida. Ikiwa chini kuna ukuta wa uzio, tenki la maji au rundo la kokoto, hesabu ianzie juu ya kitu hicho.

Wapo wanaosema fundi mzoefu atawahi kushika kitu. Kuanguka mita 3 huchukua sekunde 0.8 tu, na mtu hufika chini akiwa na kasi ya kilomita 28 hivi kwa saa. Katika muda huo hakuna uzoefu unaosaidia.

Kwa nini kisitumike kipande chochote cha kamba imara? Kwa sababu kinachoumiza ni kusimama ghafla. Mtu wa kilo 80 akianguka mita 2 kisha akasimamishwa ndani ya sentimita 5 tu, mwili wake hupokea nguvu inayozidi uzito wa tani 3. Akisimamishwa taratibu ndani ya mita 1, nguvu hiyo hushuka hadi wastani wa uzito wa kilo 240. Hiyo ndiyo kazi ya kifyonza mshtuko, na ndiyo sababu kamba ya katani au waya wa chuma hauwezi kuchukua nafasi yake hata kama haukatiki. Viwango vya Ulaya vinataka nguvu inayomfikia mtu isizidi kilonyutoni 6, na Marekani inaruhusu hadi 8 kwa aliyevaa mkanda wa mwili mzima. Mkanda wa kiunoni huielekeza nguvu yote tumboni na kwenye uti wa mgongo. Marekani ilipiga marufuku kuutumia kumdaka mtu anayeanguka kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Huku kwetu bado kuna watu wanaopanda nao paani.

Kamba inayokurudisha nyuma

Njia ya pili ni rahisi kuielewa. Funga kamba mahali palipo ndani ya paa, mbali na ukingo, kisha iwe fupi kiasi kwamba ikinyooka mvaaji bado hajaufikia ukingo. Hapo urefu wa nyumba hauna maana tena, maana hakuna kuanguka. Kutoka mahali pa kufungia hadi ukingoni kukiwa na mita 4, kamba iishie mita 3.5 au pungufu. Binafsi sikubali nafasi iliyo chini ya nusu mita, kwa sababu mtu huinama, hunyoosha mkono, huteleza hatua moja.

Njia hii ina masharti yake. Kwanza, paa lina kingo zaidi ya moja. Kamba iliyo fupi kwa upande wa mbele inaweza kuwa ndefu kwa upande wa ubavuni, na fundi akitembea kwa upinde ataufikia ukingo ambao hakuna aliyeupima. Pima kwenda pande zote. Pili, kamba yenye kirekebisho ni bora kuliko ya urefu mmoja, lakini mwenye kuirekebisha awe mtu anayejua kipimo, asiiachie kila inapombana. Tatu, njia hii inafaa paa la bapa au lenye mteremko mdogo. Paa likiwa na mteremko mkali, mtu hawezi kusimama bila kuiegemea kamba, nayo kamba inayobeba uzito muda wote ni mfumo mwingine kabisa: unahitaji ngazi ya paani iliyonasa juu kwenye kofia ya paa, pamoja na kamba ya pili ya akiba iliyofungwa peke yake.

Kuna pia vifaa vyenye kamba inayojivuta yenyewe ndani ya kasha, ikimfuata mtu anapotembea na kujifunga akianguka. Hupunguza sana umbali wa kuanguka endapo kasha liko juu ya kichwa. Lakini vingi vimetengenezwa kufungwa juu ya kichwa tu. Ukililaza kasha kwenye paa, kamba itapita kwenye ukingo wa bati, na ukingo wa bati ni kisu. Soma maelezo ya mtengenezaji: kama hayasemi wazi kwamba kifaa kimejaribiwa kwa kupita kwenye kingo kali, chukulia kwamba hakijajaribiwa. Lanyadi nazo ni vivyo hivyo.

Vipi kuhusu kazi inayomlazimu mtu awe ukingoni, kama kupigilia fishabodi, kufunga gata au kumalizia bati la mwisho? Jibu ni kwamba kazi hiyo isifanywe ukiwa juu ya paa. Ifanywe kutoka nje, juu ya jukwaa lenye mbao zilizojaa na reli ya kuzuia yenye kimo cha mita 1 hivi. Jukwaa hilo hilo likiachwa mahali pake hadi paa likamilike, linakuwa kinga ya kila mtu aliye juu.

Funga kwenye nini?

Mahali kamba inapofungwa ndipo panapobeba kila kitu, na ndipo tunapopuuza zaidi. Kiwango cha Ulaya cha nanga hizi, EN 795 cha 2012, kinataka nanga ya chuma ihimili kilonyutoni 12 katika majaribio, sawa na uzito wa tani 1.2 hivi. Sheria ya Marekani inataka kilonyutoni 22.2 kwa kila mfanyakazi, isipokuwa pale mtaalamu aliyehitimu anapobuni mfumo mzima kwa hesabu zake. Ukiwa na picha ya uzito huo kichwani, tazama vitu ambavyo watu hujifungia.

Papi za inchi mbili kwa mbili zilizopigiliwa kwa misumari zitang'oka. Bomba la maji la plastiki litavunjika. Nguzo ya antena itapinda. Kenchi iliyosimamishwa leo asubuhi, ambayo bado haijafungwa na wenzake, inaweza kulala pamoja na mtu aliyejifunga juu yake. Nyumba za siku hizi zenye paa lililofichwa zimeongeza kishawishi kingine: ukuta wa tofali unaozunguka paa. Ukiutazama unaonekana mzito na wa kuaminika. Lakini ukuta mwembamba wa tofali usio na nondo uko tayari kubeba mvua na plasta, hauko tayari kuvutwa kwa ghafla kutoka juu. Gari nalo lisitumike, maana mtu asiyejua kinachoendelea atakuja kuliwasha na kuondoka.

Wengi hupima nanga kwa kuivuta kwa mikono au kuining'inia. Mtu mmoja akining'inia hutoa nguvu isiyofika kilonyutoni 1. Nanga ikistahimili hapo umethibitisha kwamba inaweza kubeba mtu aliyetulia, wala hujui itafanya nini mtu anapoanguka.

Vitu vinavyofaa vipo: nguzo ya zege, boriti ya zege au lenta ikizungushiwa mkanda maalumu wa kufungia, au chuma cha muundo wa jengo chenyewe. Kamba inaweza pia kupitishwa juu ya paa na kufungwa upande wa pili kwenye kitu kama hicho, mradi ilindwe mahali inapokunjwa. Katika nyumba mpya kuna njia nafuu kuliko zote: mhandisi akiombwa mapema, anaweza kuonyesha kwenye ramani vitanzi vya chuma vitakavyomwagiwa zege pamoja na lenta. Gharama yake wakati huo ni ndogo, na vitamhudumia kila atakayepanda baadaye: wa sola, wa tenki, wa kamera, wa kupaka rangi.

Jambo moja zaidi kuhusu nanga: iwe juu ya mtu au nyuma yake moja kwa moja. Fundi aliyesogea mita kadhaa pembeni mwa nanga akianguka hatashuka wima. Atabembea, na mwisho wa kubembea mara nyingi ni ukuta, dirisha au ardhi.

Paa linalokatika chini ya miguu

Si kila anayeanguka hupitia ukingoni. Wengi hupitia katikati. Mabamba ya zamani ya asibesto, ambayo bado yapo kwenye majengo mengi ya umma, hukakamaa kwa miaka na kuvunjika bila kutoa mlio wa onyo. Bati la plastiki la kupitisha mwanga likipakwa rangi au kushika vumbi hufanana kabisa na bati la chuma. Bati jembamba lililoliwa na kutu hubeba mtu mahali penye papi, na hatua moja pembeni hukubali mguu kupita. Ndiyo sababu mafundi wazuri hukanyaga kwenye mstari wa misumari.

Mstari wa misumari hautoshi kwa paa bovu. Hapo mtu asitembee juu ya paa lenyewe. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 167 wa 1988 kuhusu usalama katika ujenzi, kwenye kifungu cha 18, unataka hatua za kuzuia watu wasikanyage kwa bahati mbaya vitu dhaifu vya kuezekea na kuvipenya. Kwa vitendo maana yake ni mbao pana zinazolala juu ya papi tatu au zaidi, wavu uliofungwa chini ya paa, na bora kuliko vyote, kuifanya kazi kutoka chini kwa jukwaa. Mabamba ya asibesto yana hatari ya pili, vumbi lake, hivyo yasikatwe wala kutobolewa na mtu asiye na mafunzo hayo.

Mvua na umande ni sehemu ya hesabu hii pia. Bati lenye maji asubuhi ya masika halisimamiki, na upepo huligeuza bati refu kuwa tanga mikononi mwa anayelibeba. Kusubiri saa mbili paa likauke ni uamuzi wa kiufundi kama ulivyo wa kuchagua msumari.

Ngazi ya kupandia nayo isisahaulike. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Ncha yake ipite ukingo wa paa kwa mita 1 hivi, na ifungwe juu. Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema, na ni juu yetu kuhakikisha anashukia ngazi ile ile.

Kinga isiyomtegemea mvaaji

Mwaka 1937, daraja la Golden Gate la San Francisco lilipokuwa likikamilishwa, wavu uliotandazwa chini yake kwa amri ya mhandisi mkuu Joseph Strauss ulikuwa umeokoa wanaume 19. Hakuna kati yao aliyehitaji kukumbuka kufunga ndoana. Lakini tarehe 17 Februari mwaka huo jukwaa zito lilianguka, likauchana wavu na kuua watu 10. Kisa hicho kina mafunzo mawili yanayokwenda pamoja: kinga inayomlinda kila mtu bila kumuuliza ndiyo bora, na kinga yoyote ina uzito iliopangiwa.

Kanuni za Uingereza za 2005 kuhusu kazi za juu zimeuweka utaratibu huo wazi. Kwanza jiulize kama kazi inaweza kufanyika chini. Ikishindikana, zuia kuanguka. Ikishindikana hata hilo, punguza madhara ya kuanguka. Na kila hatua, kinga ya wote itangulie kinga ya mtu mmoja. Mkanda wa kudakia uko mwisho kabisa wa orodha, kwa kuwa unategemea mambo mengi yaende sawa kwa wakati mmoja. Sisi tumeugeuza ukawa mwanzo wa orodha, na mara nyingi mwisho wake pia.

Vaa, kagua, okoa

Mkanda unaovaliwa vibaya hupoteza thamani yake. Mikanda ya mapajani ibane kiasi cha kiganja kilichonyooshwa kupita, ngumi isipite. Utepe wa kifuani ukae katikati ya kifua, maana ukipanda juu hukaba koo mtu akianguka. Kamba ya kudakia iunganishwe kwenye pete ya mgongoni, kwa kuwa pete za kiunoni ni za kumshikilia mtu akifanya kazi tu. Anayelazimika kuhama kutoka nanga moja hadi nyingine awe na lanyadi ya mikia miwili, afunge mkia mmoja kabla ya kufungua mwingine.

Kabla ya kupanda, pitisha utepe wote mikononi. Tafuta nyuzi zilizokatika, mishono iliyoachia, sehemu iliyokakamaa kwa rangi, saruji au maji ya betri, na rangi iliyopauka kwa jua. Ndoana ijifunge yenyewe. Lebo isomeke, kwa sababu mkanda usio na lebo haujulikani umri wala kiwango chake. Mkanda au lanyadi iliyowahi kumdaka mtu itolewe kazini na kukatwa vipande, isije ikauzwa tena.

Kwa majengo marefu, ambako mkanda wa kudakia una nafasi yake, liko swali ambalo ni wachache wanaolijibu kabla ya kazi kuanza: mtu akibaki ananing'inia, nani atamshusha na kwa kutumia nini? Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu hukusanya damu miguuni. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani imetahadharisha kwamba hali hiyo inaweza kumfanya apoteze fahamu na kufa katika muda usiofika nusu saa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa Tanzania kwa namba 114, na wapigiwe. Lakini foleni ya barabarani haihesabu dakika za mtu anayening'inia. Awepo chini mtu mwenye ngazi, kamba na kapi, aliyefanya mazoezi. Anayesubiri, kama ana fahamu, aendelee kusukuma miguu, na mkanda wenye vitanzi vya kukanyagia humsaidia kufanya hivyo.

Nani alipe?

Sheria hazina utata. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Kenya ina ya kwake ya 2007, na zote zinaweka wajibu wa vifaa vya kinga kwa mwajiri. Fidia nayo ina sheria: ya 2008 Tanzania, ya 2007 Kenya. Tatizo ni kwamba paa la nyumba ya mtu binafsi mara nyingi huezekwa kwa makubaliano ya mdomo. Mwenye nyumba humwona fundi kama mwajiri, fundi humwona mwenye nyumba kama mwajiri, na saidia fundi aliyeletwa asubuhi hajulikani ni wa nani. Bei hupatanwa kwa bati au kwa siku, na kinga haimo. Fundi anayetaka kufunga jukwaa huonekana ghali mbele ya mwenzake atakayepanda mikono mitupu, naye hukosa kazi. Ndivyo soko linavyomwadhibu aliye makini.

Mwenye nyumba ndiye anayeweza kulibadilisha soko hilo, kwa kuuliza maswali manne kabla ya kupatana bei. Kazi ya ukingoni utaifanya umesimama wapi? Kamba utaifunga kwenye nini? Kutoka hapo hadi ukingo wa karibu ni mita ngapi, na kamba yako ni mita ngapi? Mtu akikwama au akiumia, nani atamfikia? Fundi anayeijua kazi atajibu bila kusita, na majibu yake yataingia kwenye makadirio: kukodi jukwaa, siku moja zaidi, kamba fupi yenye kirekebisho. Mstari huo usikatwe wakati wa kupunguziana bei. Linganisha mafundi wawili baada ya wote kuuandika, ndipo utajua nani kweli ana bei nafuu.